Tupimeni Moyo Kabla Hatujavuka Bahari

Kwenye jamvi la msiba hapa Pemba kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya Fatiha na kabla ya birika la kahawa kufika. Alikuwa na nini? Na jibu, mara nyingi mno siku hizi, ni lile lile. Hakuwa na kitu. Jana kasali Isha na wenzake, kakaa barazani mpaka saa nne. Alfajiri kalalamika kifua kimembana, kasema ni gesi, kanywa tangawizi, kajilaza. Mkewe alipokwenda kumwamsha... Msemaji hamalizi, wala hakuna anayemtaka amalize. Tunasema inna lillahi, tunainua mikono, na ikifika Adhuhuri mtu wetu yumo kaburini.

Nimeanza kuyaweka akilini maneno hayo. Kengeja niliyasikia, Konde nikayasikia, Chake nikayasikia nyumba mbili za mtaa mmoja. Wanaume waliokuwa bado wanapanda mikarafuu. Wanawake waliokuwa bado wanakwenda pwani kwenye mwani. "Kifua kilimbana." Sisi huzika haraka, kama dini yetu inavyotuelekeza, na hatupasui maiti kutafuta sababu. Kwa hiyo sababu huzikwa pamoja na mwenyewe. Nyumba inabaki na mjane, watoto wa skuli, deni la duka, na neno hilo moja tu la kueleza yote.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kila hospitali ya Pemba inayopokea wagonjwa wa dharura iwe na kipimo cha damu cha kugundua mshtuko wa moyo, kipatikane saa nane za usiku kama kinavyopatikana saa nne za asubuhi, na mashine ya umeme wa moyo iwe kando ya kitanda cha dharura, si ndani ya chumba ambacho ufunguo wake anao mtu aliyekwenda nyumbani. Wapo watakaosema hiyo ni anasa ya miji mikubwa. Mimi naona kinyume chake. Mgonjwa wa Dar es Salaam akikosewa leo, kesho anapanda bajaji anakwenda hospitali nyingine. Wetu sisi ana bahari mbele yake. Anayeishi kisiwani ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua mapema.

Ami yangu na dawa ya tumbo

Ilikuwa msimu wa karafuu. Ami yangu, mdogo wake baba, aliteremka mtini jioni akaketi juu ya gunia, ngumi ya mkono wa kulia ameikandamiza katikati ya kifua, anaisugua juu chini taratibu kama mtu anayefuta doa kwenye kanzu. Jua lilikwisha kuzama na upepo ulikuwa unapita, lakini shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Nilipomshika mkono ulikuwa baridi.

"Ami, tukupeleke?"

"Unipeleke wapi, mwanangu? Gesi hii. Ule mhogo wa mchana."

Usiku ikatulia kidogo. Asubuhi, kwa kusukumwa na shangazi, alikubali kwenda kituo kimoja cha afya. Mtabibu wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu, na nje foleni ilikuwa ndefu. Alimtoboa kidole akampima malaria: hana. Akampima presha: imepanda kidogo. Akamuuliza anasikia wapi, ami akaonyesha kwa kiganja kizima, hapa, juu ya tumbo, chini ya kifua. Akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo, na akaambiwa apunguze pilipili na ndimu. Siku ya tatu, kabla ya Alfajiri, tukaitwa.

Nimemfikiria sana kijana yule, na sina la kumlaumu. Alichokuwa na kipimo chake alikipima, na kisichokuwa na kipimo akakikisia. Angefanya nini zaidi? Mtu anayekuja kwa miguu yake mwenyewe, anazungumza, anatania, anasema mwenyewe ni mhogo, utamwona vipi moyo wake? Yapo mambo ambayo macho na mikono ya mtabibu, hata awe hodari namna gani, hayawezi kuyatambua. Maumivu ya moyo na maumivu ya tumbo hukaa nyumba za jirani, na mara nyingi hupokezana wageni.

Jahazi lililopasuka usiku

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye nyama ya moyo wenyewe unapoziba. Nyama iliyokatiwa damu huanza kufa, sehemu baada ya sehemu, kwa saa kadhaa. Ndani ya nyama hiyo mna protini iitwayo troponini, ambayo kazi yake ni kuusaidia moyo ukaze na ulegee. Kwa mtu aliye salama, protini hiyo hukaa mahali pake. Ukiitafuta kwenye damu ya mkononi huikuti, au unakuta chembe ndogo mno. Nyama ya moyo ikifa, inavuja. Mjapani Setsuro Ebashi ndiye aliyeitambua troponini katika miaka ya 1960. Mwaka 1989 Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, wakaeleza kipimo cha kuitafuta kwenye damu ya mgonjwa, na kufikia mwaka 2000 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vilikwisha kukubaliana kwamba hiyo ndiyo iwe nguzo ya kuutambua mshtuko wa moyo.

Wazee wa pwani wataelewa hivi. Chukulia jahazi limepakia karafuu Wete, likapasuka usiku kwenye miamba nje ya kisiwa cha Fundo. Hakuna aliyeliona. Asubuhi wanawake waliokwenda kuchokoa pweza wanakuta karafuu zimetupwa na maji ufukweni. Hapo hakuna haja ya kubishana: huko nje kuna chombo kimevunjika. Troponini ndizo karafuu hizo.

Na mfano huu unatufundisha mambo mawili ambayo mtu asipoyajua kipimo kitamdanganya. La kwanza, karafuu haziji pwani papo hapo. Ukitazama ufukwe dakika kumi baada ya jahazi kupasuka, utauona mweupe. Vivyo hivyo, mgonjwa akipimwa mara tu maumivu yanapoanza, kipimo kinaweza kusema hana kitu. Vipimo vya zamani vilihitaji saa tatu mpaka sita tangu moyo uumie ndipo vione; vile vipya, vyenye uwezo mkubwa zaidi, huona mapema, ndani ya saa moja mpaka tatu. Kwa hiyo mgonjwa hapimwi mara moja akaruhusiwa. Hupimwa, akangojea kitandani, akapimwa tena, na daktari akatazama kama idadi inapanda.

La pili, karafuu za ufukweni hazikuambii jahazi limevunjwa na nini. Yaweza kuwa mwamba, yaweza kuwa dhoruba, yaweza kuwa mzigo ulizidi. Mwenye maradhi ya figo, mwenye moyo uliochoka kwa miaka, mwenye donge la damu kwenye mapafu, mwenye maambukizi makali mwilini, hawa nao troponini yao inaweza kupanda. Ndiyo maana kipimo hakimwondoi daktari. Kinampa jambo la hakika la kuanzia, badala ya kukisia.

Tena kuna mgonjwa ambaye hatakiwi kungojea damu hata kidogo. Mashine ya umeme wa moyo, ile ya kubandika waya kifuani, ikichora mstari unaoonyesha mshipa mkubwa umeziba, tiba inaanza hapo hapo. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anatakiwa awe amechorwa mstari huo ndani ya dakika 10 tangu afike mlangoni. Kipimo cha damu ni kwa ajili ya wale wengi ambao mstari wao hausemi kitu, nao moyo wao unakufa kimya kimya.

Moshi walipopima

Kwa muda mrefu imesemwa kwamba Mwafrika haugui mshtuko wa moyo. Hilo halikuwa neno la mitaani tu. Mwaka 1959, Shaper na Jones, watafiti waliokuwa Kampala, waliandika kwamba maradhi ya mishipa ya moyo ni nadra mno kwa Waafrika wa Uganda, ilhali Wahindi wa huko huko walikuwa wakiugua. Huenda wakati wao ilikuwa kweli. Lakini enzi hizo watu walikuwa wakilima, wakitembea kwa miguu, wakila mhogo na samaki. Nani leo anatembea kutoka Vitongoji kwenda Chake? Meza zetu zimebadilika, miili yetu imebadilika, presha na sukari zimeingia karibu kila nyumba. Fikra za kitabibu ndizo zilizochelewa kubadilika.

Ndipo watafiti wa Hospitali ya KCMC ya Moshi, pamoja na Dk Julian Hertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipofanya jambo jepesi kulieleza na zito kulifanya. Waliwapima watu wazima waliofika idara ya dharura wakilalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliwachora umeme wa moyo na kuwapima troponini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kati ya wagonjwa 681, waliokutwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152. Ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Na ni wachache mno kati yao ambao madaktari wa zamu, wakifanya kazi yao ya kawaida bila vipimo hivyo vya utafiti, waliwatambua kuwa wana maradhi hayo. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne katika kila kumi kati ya hao wenye mshtuko wa moyo walikuwa wamekufa.

Msomaji, irudie aya hiyo. KCMC si kituo cha kijijini. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, yenye mabingwa na chuo cha udaktari. Kama pale wagonjwa wa namna hii walikuwa wakipita mikononi mwa madaktari bila kuonekana, sisi ambao safari ya hospitali kwa mtu wa Kojani huanza kwa mtumbwi, wangapi wamepita?

Kilichonigusa zaidi ni kwamba watafiti hawakuishia kuhesabu maiti. Walirudi wakakaa na wauguzi na madaktari wa pale pale wakatengeneza mpango wa kurekebisha: mafunzo, kadi ndogo za mfukoni za kumkumbusha mtabibu hatua za kufuata, elimu kwa mgonjwa, na mtu mmoja katika idara aliyekabidhiwa dhamana ya kulisimamia jambo hilo. Havikuwa vitu vya mabilioni, na vyote vinaweza kufanyika Chake.

Zamani kila homa ilikuwa malaria

Waliozaliwa kabla ya mwaka 2000 wanakumbuka. Mtoto akichemka, malaria. Mzee akitetemeka, malaria. Mjamzito akitapika, malaria. Tulimeza vidonge kwa dhana. Kisha Zanzibar ikaingiza dawa mseto mwishoni mwa 2003, vyandarua vikagawiwa, nyumba zikapulizwa dawa, na vituo vya afya vijijini vikapata kile kijiti cha kupima kwa tone moja la damu ya kidole. Maambukizi yakashuka mpaka chini ya asilimia moja. Leo mwenye homa Pemba hupimwa kwanza, na mara nyingi huambiwa hana malaria, tutafute jingine.

Kijiti kile kilituponya na maradhi mengine pia, maradhi ya kukisia. Kilimfanya muuguzi wa kituo kidogo, asiye bingwa wa chochote, aweze kumwambia mtu kwa yakini: hii siyo. Na neno "hii siyo" lina thamani sawa na neno "hii ndiyo", kwa sababu linaufungua mlango wa kutafuta kilichomo.

Sasa vidonda vya tumbo vimekalia kiti kilichoachwa na malaria. Kifua kikibana ni vidonda. Kikiwaka ni vidonda. Mtu akikosa pumzi ni presha, akitoka jasho ni kupungukiwa damu, akianguka ni kijicho. Mwanamke ndiye anayedhulumika zaidi, maana mshtuko wake wa moyo mara nyingi hauji kwa kishindo. Huja kwa uchovu usio na sababu, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au ya taya, pumzi fupi. Bi wa mwani aliyeinama majini tangu kupwa kuanze akisema amechoka, nani atafikiri moyo? Mwenye kisukari naye anaweza asisikie maumivu kabisa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa watu hawa mvua hunyesha mbingu ikiwa nyeupe, na kipimo cha damu ndicho kinachoona kabla ya macho.

Tena Pemba si mgeni wa damu na maabara. Pale Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa hiki waliingia kwenye utafiti wa vidonge vya madini ya chuma, uliochapishwa mwaka 2006, ulioonyesha kwamba kuwapa watoto vidonge hivyo bila kuwapima, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza vifo na kulazwa hospitali. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zote. Damu ya watoto wa Kipemba imeufundisha ulimwengu wa tiba. Basi elimu ambayo ulimwengu umeipata kwenye damu nayo ifike kwetu, kwa baba zao na mama zao.

Gharama ya kuvuka

Nirudi kwenye bahari, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu iliposimama.

Mgonjwa wa kifua anapolala hospitali ya Pemba na hakuna anayejua ana nini, daktari ana njia mbili, na zote zinauma. Akimrudisha nyumbani, pengine amemrudisha kufa. Akimpa rufaa kwenda Unguja au Dar es Salaam kwa tahadhari, pengine amemvusha mtu mwenye kiungulia. Na kumvusha mtu si jambo la mgonjwa peke yake. Huenda na msindikizaji, mara nyingi wawili, maana mwanamke hawezi kwenda peke yake na mzee hawezi kubebwa na mmoja. Nauli za kwenda, nauli za kurudi, chakula, mahali pa kulala kwa jamaa wa Mwembeladu au Temeke ambaye naye ana shida zake. Nimeona ng'ombe akiuzwa kwa bei ya mbuzi kwa sababu boti inaondoka asubuhi. Nimeona karafuu mbichi zikiuzwa mtini, kabla ya kuchumwa, kwa mnunuzi anayejua kwamba mwenyewe hana muda wa kubisha bei. Nimemwona mtoto wa kidato cha nne akibaki nyumbani muhula mzima kwa sababu mama yuko Dar na baba, na wadogo hawana wa kuwapikia.

Kama mgonjwa ana mshtuko wa moyo, hakuna atakayejutia senti. Lakini mara ngapi nyumba imetikiswa hivyo, na kule wakaambiwa moyo wake mzima, arudi? Na mara ngapi mwingine, aliyekuwa na haki ya kuvuka siku ile ile, alingojea wiki mbili kwa sababu hakuna aliyejua? Kipimo kinachorudiwa baada ya saa chache, mgonjwa yuko kitandani Mkoani au Wete, kinawatenganisha watu hawa wawili. Mmoja analala kwake. Mwingine anaandaliwa ndege usiku huo huo, na kule anakokwenda wanajua anakuja na nini.

Kipimo hiki ni ghali kuliko kijiti cha malaria, hilo sibishi. Kilinganishwe basi na gharama halisi inayokisubiri upande wa pili: mafuta ya gari la wagonjwa, tiketi, siku za kazi zilizopotea, shamba lililowekwa rehani. Tangu Machi 3, 1965, Mzee Karume alipotangaza matibabu bure, Wazanzibari wamelelewa kuamini kwamba umasikini usimnyime mtu tiba. Leo upo Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na watumishi wanauchangia. Uhakikishe basi kwamba kipimo hiki kimo katika huduma unazozilipia, na kwamba kinalipiwa kikifanywa Pemba.

Tukishajua, tutafanya nini?

Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu. Daktari mmoja mstaafu aliniambia: mwanangu, mshipa ukiziba unazibuliwa kwa mashine, na mashine iko Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Wewe wataka nimpime mtu nimwambie unakufa, kisha nimwangalie?

La. Uzibuaji wa mshipa kwa waya ni tiba bora, lakini kabla yake kuna tiba ambayo haihitaji mashine yoyote. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioitwa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187 wanaodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Waliopewa aspirini tu, kidonge kinachouzwa kila duka la dawa, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 23 katika wiki tano. Waliopewa aspirini pamoja na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha donge la damu inayotiwa kwa mshipa, vifo vilipungua kwa asilimia 42 hivi. Aspirini na streptokinasi zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hizi si dawa za ndoto.

Lakini dawa ya kuyeyusha donge ina hatari yake, yaweza kumtoa mtu damu kichwani, na hata aspirini haifai kwa mwenye kidonda cha tumbo kinachotoka damu. Ndiyo kusema anayezitoa lazima ajue anatibu nini. Ami yangu alipewa dawa ya kulinda tumbo wakati moyo wake, kwa kila dalili ninayoikumbuka leo, ulikuwa unaomba aspirini. Tofauti ya tiba hizo mbili ni kipimo.

Na kuna faida nyingine ambayo haionekani kitandani kwa mgonjwa. Kwenye karatasi ya kifo cha ami, mahali pa sababu pameandikwa maradhi ya tumbo. Karatasi hiyo imehesabiwa mahali. Imeingia kwenye jumla, na jumla hiyo imekwenda kwa wanaopanga bajeti, nao wakaona Pemba ina tatizo la matumbo. Maradhi yasiyotajwa hayatengewi fedha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maradhi ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 duniani mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo ni katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Katika idadi hiyo watu wetu wamo, lakini hapa kwetu wameandikwa tumbo, gesi na ghafla.

Mashine bila mtu

Sitaki kesho tukate utepe, tupige picha na mashine, kisha tuifunike shuka. Tumewahi kuyaona hayo. Mashine ya damu inataka vitendanishi visivyoisha katikati ya mwezi, na jokofu la kuvitunzia. Umeme tunao: tangu mwaka 2010 waya umepita chini ya bahari kutoka Tanga. Majengo tunayo: hospitali za wilaya zimejengwa Vitongoji, Kinyasini na Micheweni, na Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani imejengwa upya kwa msaada wa China. Kinachohitajika sasa ni mtu. Mtaalamu wa maabara wa zamu ya usiku anayelipwa posho yake kwa wakati. Muuguzi wa mapokezi aliyefundishwa kwamba mwenye kifua hakai foleni na mwenye kikohozi. Mtabibu mwenye namba ya simu ya bingwa wa Unguja au Dar, na bingwa anayeipokea.

Na sisi wenyewe tunahitajika. Wapemba tunasifiwa kwa subira, na methali ya kawia ufike tunaipenda. Kwa safari ya dau ni maneno ya hekima. Kwa moyo uliozibwa, anayekawia hafiki. Kwanza tangawizi, kisha kuchuliwa mafuta, kisha chuku, kisha kombe la mwalimu, kisha kungoja mtoto aliyeko Unguja apigiwe simu atoe ruhusa. Hospitali inakuja ya sita, na nyama ya moyo ilikwisha kufa kwenye ya pili. Simkatazi mtu dua wala kombe. Kombe linywewe, lakini linywewe kitandani hospitali, waya zikiwa zimebandikwa kifuani na damu imekwisha kuchukuliwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mungu, na kujitibu ametuamrisha.

Kwa waheshimiwa wa majimbo ya Pemba mnaokaa Baraza la Wawakilishi pale Chukwani: bajeti ya afya ikifika mezani kwenu, ulizeni jambo hili kwa jina lake. Msiulize kama huduma za dharura zimeimarishwa, maana jibu la swali hilo siku zote ni ndiyo. Ulizeni ni hospitali zipi za Pemba ambako mgonjwa wa kifua, usiku wa Ijumaa, anapimwa troponini na majibu yakatoka kabla ya Alfajiri. Mtakeni Waziri azitaje moja moja.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, pengine ukiwa na miaka 50 na kitu, au una mzazi ndani: kifua kikibana kwa uzito, maumivu yakapanda begani, mkononi au tayani, jasho baridi likakutoka, au pumzi ikakatika bila sababu, usijilaze. Usimtafute mtu wa kukuchua. Mwamshe mtoto, aite gari, nenda hospitali hata iwe saa tisa za usiku. Ukifika mlangoni, kabla hujaulizwa ulikula nini, sema: nina maumivu ya kifua, naomba nipimwe moyo. Ukipewa dawa ya tumbo bila kupimwa, usiondoke kabla hujauliza tena.